Wakutubi wa Dunia na Choo cha Mama Mkwe

Bwana afya alifika Jumatatu asubuhi, na choo kilikuwa na mtu. Aliyekuwa ndani ni Gundi. Mlango wa choo kile ni bati lenye matundu ya misumari, kwa hiyo Gundi aliweka jicho kwenye tundu akaona tepu ya kupimia ikivutwa kutoka njiani kuja moja kwa moja usoni pake. Kisha akaona mkebe wa rangi nyekundu na brashi.

"Kuna mtu humu," alisema.

"Endelea tu, mzee," bwana afya akamjibu, huku akipaka alama ya kuvunja kwenye mlango. "Wewe sina haraka nawe. Haraka yangu ni ya choo."

Alipotoka, mkanda haujakaa sawa, alimkuta mama mkwe wake ameshasimama uani na mikono kiunoni. Nyumba ile ni ya mama mkwe. Gundi na mkewe na watoto wao wawili walikuja kukaa hapo kwa miezi mitatu, na huu ulikuwa mwaka wa tisa. Mama mkwe hakuwahi kumsimanga kwa hilo. Alimwita "mgeni wetu", basi.

"Choo kimekosa nini?" mama mkwe akauliza.

"Sheria ndogo za vyoo, mama, kifungu cha kumi na nne," bwana afya akasema, akisoma karatasi iliyotiwa plastiki. "Choo cha shimo kiwe umbali usiopungua mita thelathini kutoka njia yoyote ya watu. Hiki chako kina mita nne na nusu. Ijumaa saa tatu asubuhi tunakuja kukivunja."

"Kiwanja changu chote, kutoka mwanzo hadi mwisho, ni mita kumi na nane. Hizo thelathini nikizitimiza nitakuwa nimejenga sebuleni kwa jirani."

"Sheria haikusema sebuleni kwa nani, mama. Imesema mita."

Aliondoka na tepu yake. Mama mkwe alikitazama choo chake kwa muda mrefu. Alikijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, mwaka aliofiwa na mumewe, na tangu hapo hajawahi kubisha hodi kwa mtu kwa haja hiyo. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Mkwe, wewe si unafanya kazi kwenye sheria?"

Gundi alikohoa. Miaka yote hiyo alikuwa amewaachia watu waamini hivyo. Ni kweli alifanya kazi kwenye maktaba ya sheria, na ni kweli kila siku alishika sheria kwa mikono yake miwili. Kazi yake ilikuwa kubandika. Sheria ikirekebishwa, Gazeti la Serikali huleta maneno mapya. Gundi huyakata kwa mkasi, huyapaka gundi, na kuyabandika juu ya maneno ya zamani kwenye juzuu. Ndiyo asili ya jina lake. Juzuu zile zilikuwa seti pekee iliyokamilika, na baraza la mji, mahakama na mawakili wote walikuja kutoa nakala hapo.

"Nitaliangalia, mama," akasema. "Hilo ni jambo dogo sana kwetu."

*

Ila wiki ile maktaba ilikuwa na ugeni. Wakutubi wa sheria sitini kutoka nchi mbalimbali walikuwa wamekuja kwenye mkutano wa kimataifa, na juu ya lango kulining'inizwa kitambaa kirefu: SHERIA IMFIKIE KILA MTU. Chini ya kitambaa hicho, kwenye ubao mdogo, mlinzi alikuwa ameandika kwa chaki: Maktaba imefungwa kwa watu wa kawaida mpaka Jumatatu.

Jumanne saa nne Gundi alikuwa amebeba viti vinne, viwili kila mkono, alipoisikia sauti anayoijua.

"Nimekuja kusoma sheria ya choo," mama mkwe alikuwa akimwambia mlinzi.

"Leo haiwezekani, mama. Kuna mkutano."

"Mkutano wa nini?"

Mlinzi akakitazama kitambaa, akamtazama mama, akainamisha kichwa. "Wa watu kuifikia sheria."

"Basi mimi nimeifikia. Nifungulie."

"Mpaka uwe na beji, mama yangu. Usinitafutie makubwa."

Gundi alijibanza nyuma ya nguzo na viti vyake. Alijua akitokeza ataulizwa cheo chake mbele ya mlinzi, na mlinzi anakijua. Aliisubiri kanga ya mama iondoke langoni, ikaondoka polepole. Aliona aibu, na aibu hiyo alistahili.

Mkutubi Mkuu akamkuta hapo hapo. Alikuwa mwanamke mwembamba anayetembea haraka, na tangu wageni wafike hakuwa amelala vizuri.

"Gundi, acha viti. Alhamisi utapanda jukwaani. Wageni wanataka kuona kwa macho yao jinsi tunavyotunza sheria. Utabandika karatasi moja mbele yao. Tafuta juzuu safi, usiniaibishe."

Gundi hajawahi kupanda jukwaa maishani mwake. Alikwenda rafuni kifua mbele, na kwa kuwa alikuwa pale pale, akaona amalize na lile la nyumbani. Akatoa juzuu ya saba, akafungua sheria ndogo za vyoo, kifungu cha kumi na nne. Naam: mita thelathini kutoka njia yoyote ya watu. Karatasi imebandikwa vizuri, imenyooka, haina hata povu moja. Aliifurahia kazi ya mikono yake kabla hajasoma namba ndogo ya tangazo pembeni mwa karatasi.

Namba ile haikuwa ya vyoo. Akatazama ukurasa wa upande wa pili. Sheria ndogo za ufugaji nyuki, kifungu cha kumi na nne: mizinga iwe umbali usiopungua mita mbili kutoka njia yoyote ya watu. Hapo ndipo karatasi ilipotakiwa kukaa. Nyuki ndio waliotakiwa kuhamia mita thelathini. Akauinua ukurasa wa vyoo kwenye mwanga: chini ya karatasi, vyoo vilikuwa na mita zao mbili na havikuwa na kosa na mtu.

Akakumbuka. Ilikuwa miaka sita nyuma, wiki walipoletewa gundi mpya. Gundi ya zamani ilikuwa ya unga, ilikupa muda wa kutubu. Hii mpya ilishika papo hapo. Kurasa mbili zinatazamana, vifungu vyote viwili ni vya kumi na nne, na Gundi alikuwa na njaa.

Aliyekipeleka choo cha mama mkwe wake mita thelathini alikuwa yeye mwenyewe. Akaifunga juzuu ya saba, akaizungushia sweta lake, akaiweka kwenye mfuko wake wa plastiki chini ya meza yake ya kazi.

*

"Ibandue," mkewe alisema Jumatano mchana, baada ya kusimuliwa yote. Alikuwa fundi cherehani, na kila kosa duniani kwake lilikuwa la kufumuliwa. "Mvuke wa birika, wembe, basi. Nani atajua?"

"Baraza la mji lilishatoa nakala. Nikiibandua sasa, kwangu vyoo ni mita mbili, kwao ni thelathini. Bwana afya atakuja na ile yake ya plastiki."

"Basi mwambie Mkutubi Mkuu."

"Atanifukuza. Tena mbele ya wageni."

Mkewe alishona mshono mzima, akakata uzi. "Choo chetu ndicho cha kwanza?"

Hilo ndilo swali ambalo Gundi alikuwa akilikwepa tangu jana. "Wamevunja vitatu kabla ya hiki," akasema. "Kile cha kwa muuza mkaa, cha yule mjane wa pale kona, na cha fundi saa mstaafu."

Cherehani ikasimama. Yule mjane wa pale kona walikuwa wakimcheka, yeye na mumewe, kwa jinsi alivyokuwa akipita kila asubuhi na ndoo iliyofunikwa gazeti.

"Baba watoto, mficha uchi hazai," akasema.

"Usimwambie mama tu. Nakuomba. Acha nitafute njia."

"Mimi simwambii. Ila Ijumaa saa tatu itamwambia."

*

Alhamisi mama mkwe alirudi langoni. Alikuwa amevaa viatu vya harusini na gauni la kijani lenye mabega. Mlangoni kulikuwa na meza ya beji, na binti mmoja nyuma yake anayetabasamu kwa kila mtu kwa usawa.

"Karibu sana. Beji yako ni ipi kati ya hizi, mama?"

Zilikuwa zimebaki tano, za wajumbe waliokosa ndege. Mama mkwe si mtu wa kusema uongo, lakini hapo hakuulizwa ndiyo au hapana. Akaokota iliyokuwa karibu. Binti akamvisha shingoni, akampa visikilizio vya tafsiri, kalamu na daftari, na mlinzi yule yule wa Jumanne akasimama wima mbele ya neno PROFESA. Mama mkwe akaenda kukaa mstari wa mbele.

Alikaa saa mbili. Alisikiliza mada ya mifumo, mada ya majukwaa, na mada ya mustakabali wa mifumo na majukwaa. Alielewa jambo moja: kwamba watu hawa wote, kutoka pande zote za dunia, walitaka sana yeye aione sheria. Aliona ni watu wema. Kwa hiyo mwenyekiti alipouliza kama kuna neno kutoka kwa wajumbe, alisimama.

Gundi alikuwa tayari jukwaani, nyuma ya meza yenye mkasi, brashi na juzuu safi ya sheria za mizani na vipimo, na ule mfuko wa plastiki, ambao hakuthubutu kuuacha, chini yake. Alimwona mama mkwe wake akipewa kipaza sauti. Akausukuma mfuko ndani zaidi kwa mguu.

"Karibu, Profesa," mwenyekiti akasema.

"Ahsante. Nimewasikiliza, mmesema vizuri. Mimi naomba kuiona sheria ya choo. Choo changu kinavunjwa kesho saa tatu, na Jumanne nilikuja hapa nikaambiwa nirudi Jumatatu."

Mkalimani kwenye kibanda chake alisita kidogo, kisha akaendelea. Tafsiri ilipowafikia wakutubi masikioni, ukumbi ulibadilika. Watu sitini wale walikuwa na siku tatu wakimzungumzia msomaji, na hakuna aliyekuwa amemwona. Sasa alikuwa hapa, mzima, mwenye beji. Mkutubi mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba aliinuka kabisa kitini. Mwingine akauliza sheria ni ya mwaka gani, wa tatu akauliza kama ni sheria mama au sheria ndogo, na wote walikuwa na nyuso za watu walioitwa kula. Kabla Mkutubi Mkuu hajasema neno, kumi na tano kati yao walikuwa wameshaingia kwenye rafu.

Kisha yule mrefu akarudi.

"Juzuu ya saba haipo," akasema kwa huzuni kubwa. "Kuna pengo."

Pengo rafuni ni jambo ambalo wakutubi wa nchi zote huliogopa kwa namna moja. Wote wakamgeukia Mkutubi Mkuu. Mkutubi Mkuu akamgeukia Gundi, maana hakuna mwingine anayezigusa juzuu zile.

Gundi aliinama chini ya meza. Akatoa mfuko wa plastiki, akatoa sweta, akalikunjua, akaiweka juzuu ya saba mezani. Alimtazama mama mkwe wake. Mama naye alikuwa akimtazama, na usoni mwake hakukuwa na hasira. Alikuwa akimwonea fahari. Alidhani mkwewe amemwekea kitabu tayari, na hilo lilimuuma Gundi kuliko kofi.

"Kifungu cha kumi na nne," Gundi alisema kwenye kipaza sauti, "kimebandikwa karatasi isiyo yake. Karatasi hii ni ya nyuki. Niliibandika mimi, miaka sita iliyopita, nikakosea ukurasa. Vyoo ni mita mbili tu."

Makofi yakalipuka. Wakutubi walipiga makofi kwa nguvu, wengine wakaandika. Mwenyekiti akasogea karibu na kipaza sauti.

"Tunamshukuru mtaalamu wetu kwa mfano mzuri sana wa makosa yanayoweza kutokea."

"Si mfano," Gundi akasema. "Ni choo cha mama mkwe wangu. Yule pale. Si profesa."

Makofi yalikoma mstari kwa mstari, kadiri tafsiri ilivyowafikia. Mama mkwe bado alikuwa amesimama. Alivua beji taratibu, akaiweka kitini.

"Rudia," akasema, bila kipaza sauti. "Nani aliibandika?"

"Mimi, mama."

"Na cha yule mjane?"

"Hicho pia. Na cha muuza mkaa, na cha fundi saa."

Ukumbi mzima ulimsubiri. Mama mkwe alikaa, akafungua daftari alilopewa mlangoni, akaziandika nyumba zile tatu.

Mkutubi Mkuu alisema marekebisho ni lazima yapitie Gazeti la Serikali, na hilo huchukua miezi mitatu. Hapo yule mkutubi mrefu akauliza, kwa adabu kabisa, kama maktaba haina muhuri wa kuthibitisha kwamba nakala ni sahihi. Maana kwao, alisema, jambo la namna hii humalizika kabla ya chai. Wenzake hamsini na tisa wakatikisa vichwa. Mkutubi Mkuu aliona jinsi wanavyomtazama, wageni wake mwenyewe, chini ya kitambaa chake mwenyewe. Akaagiza muhuri uletwe.

Gundi aliibandua karatasi hapo hapo, kwa mvuke wa birika la chai la wajumbe, na wakutubi wakasogea wakaizunguka meza kama watu wanaotazama upasuaji. Chini yake maneno ya zamani yalikuwa mazima: mita mbili. Nakala ikatolewa, muhuri ukapigwa. Yule mwenye miwani ya kamba akaomba kuinusa juzuu, kwani kwao sheria zote zilihamia kwenye kompyuta na yeye alikuwa na miaka kumi na moja bila kushika ukurasa. Akaruhusiwa.

Mkutubi Mkuu alimsogelea Gundi sikioni. "Mwezi mmoja nyumbani, bila mshahara. Ukirudi, utazipitia karatasi zote, juzuu arobaini na moja, moja moja."

"Sawa, mheshimiwa."

"Na hilo sweta lako litoe kwenye meza yangu."

*

Ijumaa saa tatu bwana afya alikuja na vijana wawili na nyundo. Mama mkwe alimpa nakala yenye muhuri kupitia chini ya mlango wa choo, maana alikuwa ndani, na alikuwa ameamua kutotoka. Bwana afya aliisoma mara mbili.

"Kwa hiyo mita thelathini ni za nyuki."

"Za nyuki," sauti ikamjibu.

Bwana afya alifikiri kidogo, akajikuna shingo mahali alipokuwa na uvimbe wa kuumwa. "Na mimi nilikuwa najiuliza," akasema, akaondoka na vijana wake.

Mama mkwe alipotoka alimkuta Gundi amekaa kwenye kizingiti na chai iliyopoa. Tangu jana hawakuwa wamesemezana. Mama alinawa mikono, akajifuta, akachukua tepu ya kushonea ya bintiye kutoka mezani.

"Mkwe, inuka. Tuna nyumba tatu za kwenda."

Kwa muuza mkaa walitukanwa, na ikawa afadhali, kwa sababu matusi yana mwisho. Yule mjane wa kona alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka ghafla, akawaomba waende zao warudi siku nyingine. Wa mwisho alikuwa fundi saa mstaafu.

Walimkuta kibarazani kwenye kigoda, na meza ndogo mbele yake, akifungua saa ya mtu kwa mazoea tu. Gundi alimwamkia, akaeleza yote akiwa amesimama, na hakupunguza kitu. Mzee alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye ile saa. Gundi alipomaliza, mzee aliiweka bisibisi yake ndogo chini.

"Hiyo karatasi ilikuwa na ukubwa gani?"

Gundi akainua kidole cha shahada. "Kama hivi, mzee wangu. Urefu wa kidole."

Mzee alikitazama kidole.

"Mama watoto wangu alikuwa na miguu mibovu," akasema. "Miaka mitatu alikuwa akiivuka njia hii na taa mkononi, mvua inyeshe isinyeshe, kwenda kubisha hodi kwa jirani. Alikuwa akiona haya sana. Jioni alikuwa hanywi maji ili asiende. Amekufa akiona haya."

Mama mkwe aligeuza uso, akautazama ukuta. Gundi hakujua aushushe mkono au auache juu.

"Mzee, nisamehe."

Mzee aliinuka, akaingia ndani, akakaa humo kitambo. Alirudi na sepetu, akaiegemeza ukutani karibu na Gundi, akarudi kwenye kigoda chake.

Mama mkwe alipima kwa tepu ya kushonea, akipiga magoti kila mara ilipoisha, kutoka njiani mpaka uani. Akachora duara kwa kisigino cha kiatu. "Mita mbili na nusu," akasema. "Hiyo nusu ni ya wasiwasi wangu." Gundi alivua shati. Shimo la choo huchimbwa futi kumi na tano, na hadi jua linaanza kuinama alikuwa amefika magotini. Kila aliposimama kuvuta pumzi, mzee alimwambia kutoka kibarazani, bila hasira yoyote, "Hebu nionyeshe tena," na Gundi aliinua kidole, akakishusha, akaendelea kuchimba.